Kidole cha Mama Kontrole

Mama Kontrole hakuamini kitu mpaka akigonge. Chungu cha sokoni, tikitimaji, mlango wa ofisi, glasi ya chai kwenye mgahawa wa mtaani kwake Rwezamenyo, vyote alivipiga kwa ukucha, akainamisha kichwa upande, akasikiliza, ndipo akatoa hukumu. Mwenye mgahawa alishamzoea. Alikuwa anamletea glasi tupu kadhaa kwenye sinia, yeye anazigonga moja moja, anachagua ya kwake, kisha chai inamiminwa. Wageni walidhani ni mchezo wa kubahatisha.

Jina lake nalijua vizuri, lakini kiwandani hakuna aliyelitumia, hata meneja, kwa hiyo na mimi nitamwacha na cheo chake. Kontrole ni neno ambalo wazee wa Kigali walibaki nalo kutoka kwenye Kifaransa, na kwetu maana yake ilikuwa moja tu: meza iliyo mbele ya tanuri, mahali ambapo kila kigae kilipimwa kabla ya kuruhusiwa kwenda kukaa juu ya nyumba ya mtu. Tunatengeneza vigae vya udongo vya kuezekea, amategura kama yanavyoitwa huku, na kiwanda chetu kiko bondeni, ukishaipita stendi ya mabasi ya Nyabugogo na makelele yake, karibu na udongo wenyewe. Mimi ni fundi pale. Kila kitu chenye waya ni changu, kuanzia kompyuta mpaka birika la ofisini.

Nimekulia Mwanza, na siku ya kwanza nilipojitambulisha kwake nilitumia Kiswahili changu chote, na shikamoo na samahani na tafadhali. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Wewe Mutanzania," akasema, "unaongea kama redio. Punguza sauti kidogo, kazi iko mingi."

Nikajua hapo hapo kwamba tutaelewana.

Kazi yenyewe aliifanya hivi. Wabebaji wanaweka kigae mezani juu ya mbao mbili. Mkono wake wa kulia unakipiga kwa kijiti cha mti mgumu, mara moja tu, katikati. Kikiwa kizima kinalia, na sauti inabaki hewani. Kikiwa na ufa, hata ule usioonekana, kinatoa mlio mfupi uliokufa. Halafu kuna vile vilivyokaa karibu mno na moto. Hivyo vimeiva kupita kiasi, vimekuwa vyeusi upande mmoja na kupinda kidogo, vinatikisika juu ya mbao, na sauti yao ni kavu. Hivyo ni daraja la pili. Havipendezi machoni, lakini ni vigumu kweli kweli.

Mkono wa kushoto haukuwa na shughuli na kigae kabisa. Ulikaa juu ya kibao cha namba, kiboksi kidogo chenye vitufe, kilichounganishwa kwa waya na kompyuta ya zamani iliyokuwa nyuma ya kioo. Namba zilizoandikwa kwenye vitufe zilikuwa zimefutika zote kwa vumbi na miaka, ungedhani ni meno. Kitu pekee kilichobaki ni kile kipele kidogo ambacho watengenezaji huweka kwenye kitufe cha katikati ili kidole kijue kiko wapi. Kipele kilikuwa daraja la pili. Kitufe cha chini yake kilikuwa daraja la kwanza. Kitufe cha juu yake kilikuwa cha kutupwa. Kidole kimoja kilichotoka kwenye glavu iliyokatwa ncha kilipanda na kushuka humo siku nzima, na macho yake hayakukitazama kibao hicho hata kwa bahati mbaya. Alikuwa anaweza kugonga, kubonyeza, kumgombeza mbebaji aliyechelewa na kusimulia harusi ya Ijumaa iliyopita, vyote kwa pamoja, na hesabu ikatoka sawasawa.

Watu pia aliwapanga kwa madaraja. Alimwambia mhasibu wetu usoni kwamba ni wa kutupwa, na mhasibu akacheka kwa sababu alidhani ni utani. Nilipomleta mchumba wangu kumwona, hakumuuliza kabila la wazazi wala kazi ya baba. Alimwambia kitu cha kuchekesha kuhusu mimi, ambacho sitakirudia, na binti wa watu alipoangua kicheko Mama Kontrole akainamisha kichwa kama anavyofanya kwenye kigae.

"Huyu ni ya kwanza," akatangaza. "Inalia mpaka mwisho."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe ni kipele. Ya kwanza mbili kwa nyumba moja zinagombana, sha."

Jina likanikaa. Kuanzia siku hiyo nilikuwa Kipele kiwandani kote, na nakiri lilinikera. Mtu hupenda kuambiwa kwamba ni wa daraja la kwanza, hasa mbele ya mchumba. Kila nilipofanya jambo jema, kama vile kuitengeneza feni yake au kumtafutia gari la kumrudisha nyumbani wakati wa mvua, nilimtazama kwa matumaini. Naye alinipa jibu lile lile: "Asante, Kipele."

Kama hukumjua vizuri ungemwona mkali tu, na mkali alikuwa. Lakini alikuwa na tabia ya kuzungumza na vigae vilivyopasuka. Alikiweka kando polepole, akakiambia, "Disi, maskini, umeharibikia wapi wewe?" Alisema hapendi umbea, na sentensi hiyo ndiyo iliyofungua kila umbea alioleta. Alichukia mtu anayechelewa, ilhali yeye mwenyewe alichelewa karibu kila asubuhi kwa sababu alipita Nyabugogo kwa miguu akiwasalimia wabeba mizigo mmoja baada ya mwingine, akiulizia watoto, wake na migongo yao. Alikuwa akiingia getini anahema na kulalamika kwamba mabasi ya siku hizi hayana nidhamu. Basi hakupanda.

Na lile paa lake. Wafanyakazi waliruhusiwa kuomba vigae kwa ajili ya nyumba zao, na yeye angeweza kujichagulia vizuri kuliko vyote vilivyowahi kutoka tanurini. Alipoezeka upya nyumba yake akaomba daraja la pili, paa zima. Ukisimama barabarani Rwezamenyo unaliona lina mabaka kama ng'ombe. Nilimuuliza kwa nini. Siku moja alisema vya kwanza ni vya wateja. Siku nyingine alisema wezi hawaingii nyumba yenye mabaka. Nikaacha kuuliza.

Jambo ambalo hakuna aliyemuuliza ni macho. Yeye mwenyewe alidai anaona mpaka nguo zilizoanikwa Mlima Kigali. Lakini ujumbe ukiingia kwenye simu yake aliipitisha kwa aliye karibu. "Nisomee hii, simu ya sasa inaandika kama siafu." Taarifa zikibandikwa ukutani alisema atazisoma baadaye, akiwa na nafasi. Miwani aliichukia kwa sababu, alisema, inamfanya mtu awe mukecuru, yaani kizee, na neno hilo hakutaka kulisikia likitajwa karibu yake. Sote tulijua. Naye alijua kwamba tunajua, na tulikuwa tumeafikiana bila kikao kwamba lawama zote ziende kwa simu, karatasi na mwanga.

Basi kibao kikafa. Kilikufa kifo cha kawaida tu, katikati ya wiki, baada ya kumeza vumbi kwa miaka. Nilikifungua, nikakuta ndani pameoza, nikakifunga tena kwa heshima. Kwa kawaida jambo la namna hiyo lisingemtisha mtu, ila wakati huo hoteli moja ya zamani kule Kiyovu ilikuwa inabadilisha paa lake lote na ilikuwa imetupa sisi kazi hiyo. Walitaka ripoti ya kila tanuri, imetoka kwenye mashine, siku hiyo hiyo tanuri linapofunguliwa. Maneno ya mdomo wa mtu hawakuyataka, hata mdomo wa Mama Kontrole.

Mkuu wa uzalishaji, tuliyemwita Shefu, alikuwa kijana aliyekulia Kampala, mwepesi, mstaarabu, anayependa vitu vipya. Alileta tableti inayong'aa, akaiweka juu ya meza ya kontrole na kumwonyesha mama mahali pa kugusa. Nilikuwa pale. Mama Kontrole akaishika mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali tena. Glavu haikufanya kazi. Akavua glavu, vumbi likajaa kwenye kioo. Akagonga kigae, akaitafuta picha ya kitufe kwa kidole, na alipoipata alikuwa ameshasahau sauti. Akagonga tena. Wabebaji wakasimama mstari.

"Mwanga iko mbaya hapa," akasema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Mwanga."

Shefu hakuwa mjinga, na wala hakuwa mtu mbaya. Akamwita pembeni, mimi nikiwa najifanya nafunga skrubu.

"Mama, mimi sina shida na wewe kabisa," akamwambia. "Lakini hoteli iko nataka ripoti. Jumatatu tunafungua tanuri. Kama hatuna njia ya kuingiza, naweka vijana na hii tableti, na wewe unakuja stoo kupumzika kidogo. Kazi ya stoo ni nyepesi."

Shefu alipoondoka Mama Kontrole alinijia na kunishika mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Kipele, sikiliza. Mimi nikitoka hii meza, siku ya pili yake nitakuwa mukecuru. Wallahi. Nitafutie kama ile. Batani tu. Sitaki kitu ya kung'aa."

Nilimwahidi, na kesho yake asubuhi nikaanza kuzunguka mjini nikiwa na kibao kilichokufa kwenye mfuko wa plastiki. Ugumu ulikuwa hapa. Kompyuta ile ya zamani ilikuwa na programu iliyotengenezwa na fundi aliyekwisha kuondoka nchini, na programu hiyo ilisikiliza tundu moja tu, lile pana lenye pini tisa, la mtindo wa siriali, ambalo hupokea herufi moja baada ya nyingine kwenye waya kama mtu anayepokea matofali. Kibodi ya kawaida ilikuwa haiitambui. Kwa hiyo nilihitaji kibao cha namba chenye waya wa namna hiyo, kitu rahisi kuliko vyote, na hakuna kitu kigumu kukipata mjini kama kitu rahisi ambacho kimepitwa na wakati.

Duka la kwanza walinionyesha kibao kizuri cha USB. Nikaeleza. La pili walinionyesha kile kile, cha rangi nyingine. La tatu kijana akanisikiliza kwa makini sana, akapanda ngazi, akashuka na kebo ya kugeuza.

"Boss, hii ndiyo inamaliza shida. Upande huu USB, upande huu siliali."

Nikamweleza kwamba inageuza kwa kwenda na mimi nataka ya kurudi. Akaitazama kebo, akanitazama mimi.

"Sasa si ugeuze tu?"

Niliwaza kugombana nikaona hana kosa. Kwingine walinishauri ninunue kompyuta mpya, ninunue simu mpya, na mzee mmoja, kwa huruma kabisa, alinishauri nitafute kazi nyingine. Ijumaa jioni nilirudi kiwandani na mfuko wangu ule ule. Mama Kontrole aliniona natembea, au tuseme alinisikia, akajua.

"Kesho tunaenda pamoja," akasema. "Wewe unatafuta kwa maduka. Kitu ya zamani haikai kwa duka."

Kwenda Nyabugogo na Mama Kontrole ni safari ya kutwa. Alisalimia wabeba mizigo, wauza maji, makondakta na mama mmoja mwenye viazi ambaye salamu zake zilikuwa na sura kadhaa. Kwa kila mmoja alichomoa kibao kwenye mfuko wangu na kumwonyesha, kana kwamba tunatafuta ndugu aliyepotea. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, nasimama tu na jua linanichoma kichwani, mpaka mbeba mizigo mmoja mwenye mgongo aliouulizia akakishika, akakigeuza, akasema, "Mama, hii kitu naijua. Ilikuwa kwa wale wa tikiti, zamani, mbele ya hizi kadi kuja."

Akatupeleka kwenye ofisi ya wakala mmoja wa mabasi. Dada wa dirishani alituruhusu kuingia chumba cha nyuma, na humo, chini ya viti vilivyovunjika, mlikuwa na vibao vya namba vilivyotumika kuingizia namba za viti enzi za tikiti za karatasi. Vingi vilikuwa vimekatwa waya. Kimoja kilikuwa na waya wake mzima, na mwisho wa waya kichwa kipana. Niligusa pini kwa kidole moja moja. Tisa. Nilitaka kumbusu mtu.

Mama Kontrole akakichukua mkononi, akakigonga kwa ukucha, akasikiliza.

"Iko nzima," akasema.

"Mama, hiki hakipimwi hivyo."

"Wewe endelea kusema. Iko nzima."

Nikamuuliza yule dada atatudai nini. Akacheka. "Kama ni kwa huyu mama anayetusalimia kila asubuhi, chukueni. Mnanipunguzia takataka."

Jioni ile nilikiunganisha. Tumboni kilikuwa na swichi ndogondogo za kupanga kasi, nikazichezea mpaka kompyuta ikakielewa. Nikabonyeza mbili, ikaandika mbili. Nikabonyeza tano, ikaandika tano. Nikabonyeza nane, ikaandika nane. Nikampigia simu Mama Kontrole kumwambia asome dua na alale. Alipiga kigelegele kwenye simu, nikasikia na majirani wakiuliza kuna nini.

Jumatatu alikuja na kanga mpya na, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, kwa wakati. Tanuri likafunguliwa. Akaweka kidole, akakipata kipele, akatabasamu. Kisha akaanza, na ilikuwa raha kumwangalia. Kijiti kinapiga, kidole kinapanda, kidole kinashuka, wabebaji wanakimbia. Rundo la daraja la kwanza likakua mpaka likawa kilima. Vilivyopasuka vilikuwa vichache pembeni. Mchomaji, mzee anayelinda moto, alikuwa ameketi kwenye ndoo anajisifu.

Kabla ya chai ya saa nne Shefu akatoka ofisini akikimbia na karatasi mkononi.

"Simamisha! Simamisha kila kitu!"

Ripoti ilisema karibu tanuri zima ni la kutupwa. Vya daraja la kwanza vilikuwa vya kuhesabu kwa vidole. Shefu alikuwa ameshawapigia simu wachimba udongo kuwauliza walichimba wapi. Mchomaji akasimama kutoka kwenye ndoo, akaketi tena, akashika kichwa. Mama Kontrole akaelekeza kijiti kwenye kile kilima cha vigae vizuri.

"Shefu, ile ni nini? Maandazi?"

"Mama, mashine inasema…"

"Mashine imegonga?"

"Lakini wewe ndiye unaiambia mashine!"

Na hilo lilikuwa kweli. Nilimwona Shefu akiitazama ile tableti iliyokuwa juu ya dirisha, na nikajua anachokiwaza: mama amezeeka, kidole kimepotea, na huruma yetu imetuponza. Mama Kontrole naye alijua. Kwa kuwa hakuwa mtu wa kulia mbele za watu alihamishia hasira kwenye kibao. Waya wake ulikuwa unamkwaruza kiwiko tangu asubuhi. Akakinyanyua, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakibamiza mezani kwa mkono mmoja, waya ukaangukia upande wa tumbo lake na kwenda zake chini ya meza.

"Leteni amategura," akasema. "Mimi naendelea. Mwenye kutaka kunitoa anitoe nikiwa nagonga."

Wabebaji wakamtazama Shefu. Shefu akainua mabega. Wakaleta.

Mimi nilikimbilia nyuma ya kioo kwenye kompyuta, nikitafuta kosa kwenye waya, kwenye kasi, popote ambapo si kwenye kidole cha yule mama. Na machoni pangu hesabu ikaanza kubadilika. La kwanza. La kwanza. La pili. La kwanza. La kutupwa. La kwanza. Nikachungulia kupitia kioo: kila kigae kilichokwenda kwenye kilima, mashine iliandika la kwanza. Nikatoka nje, nikainama juu ya meza, nikakiangalia kibao kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili. Alikuwa amekiweka juu chini.

Vibao vya namba viko vya aina mbili, na mtu yeyote anayemiliki kikokotoo na simu anavyo vyote nyumbani. Kwenye kikokotoo namba ndogo ziko chini. Kwenye simu ziko juu. Kile cha zamani kilikuwa cha kikokotoo, lakini namba zake zilifutika na hakuna aliyekumbuka, mimi wa kwanza. Cha Nyabugogo kilikuwa cha simu. Asubuhi nzima kidole chake kilishuka kwenye zuri, kama kilivyoshuka miaka yote, na mashine ikasikia bovu. Alipokigeuza kwa hasira, juu ikawa chini, na kila kitu kikarudi nyumbani.

Nikawaeleza. Yale ya asubuhi tuliyapindua kwenye ripoti, ya juu yakawa ya chini, na hoteli ikapata tanuri zuri kuliko mengi. Mchomaji akarudi kwenye ndoo yake. Shefu, kwa heshima yake, alimwendea Mama Kontrole mbele ya wote.

"Mama, nisamehe. Lakini ulijuaje kwamba kinatakiwa kugeuzwa?"

Mama Kontrole akajiweka kanga vizuri.

"Nilijua tangu mwanzo," akasema. "Nilikuwa nakipa muda wa kuzoea."

Uongo mtupu, na alinitazama mimi wakati anausema, akanikonyeza. Nilicheka mpaka nikaegemea mlango. Tableti ikaenda kwa mhasibu, na neno stoo halikutajwa tena.

Alikaa kwenye meza ile mpaka siku aliyotaka yeye mwenyewe kuondoka. Ilikuwa baada ya Idi. Alikuja na sinia la vitumbua, akagonga kigae cha mwisho, akakitangaza kuwa ni cha kwanza, akaenda zake akiwa amesimama wima. Baada yake vijana walitumia kibao kile kile, kikiwa juu chini vile vile, na kila mgeni aliyeuliza sababu aliambiwa kwamba ndivyo kinavyotakiwa. Halafu mwaka huu kamera ikaja na kompyuta yake mpya. Kamera si mbaya. Inaona kigae kilichopinda kuliko mtu yeyote. Ila kwenye nyufa za ndani bado wanamwita mtu mwenye kijiti.

Nikakiomba kibao, wakanipa, na Jumamosi moja mvua ilipokatika nikakipeleka Rwezamenyo. Nilibisha hodi kwenye geti la bati.

"Bisha tena," sauti ikasema ndani.

Nikabisha tena.

"Kipele! Ingia, mwanangu. Redio yako ulizima? Mbona kimya?"

Alikuwa ameketi sebuleni kwenye mkeka, macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu, na hilo alinieleza mwenyewe bila kusingizia taa. Nje maji yalikuwa bado yanatiririka barabarani, ndani mkeka ulikuwa mkavu kabisa. Akanipa chai kwenye glasi aliyoigonga kwanza. Akaulizia mke wangu wa daraja la kwanza, mchomaji, Shefu, mpaka mgongo wa yule mbeba mizigo. Nikamwekea kibao mapajani. Akakipapasa, akacheka, na bila kufikiri akakigeuza juu chini, waya ukamwelekea tumboni. Kidole kikaenda chenyewe kwenye kipele, kikatulia.

Sijui ni nini kilinipa ujasiri. Labda ni kwa sababu tulikuwa peke yetu.

"Mama, baada ya yote yale, mimi bado ni wa daraja la pili?"

Akashangaa. Alinigeuzia uso kana kwamba ananiona.

"Wewe iko unasikitika kwa hiyo? Miaka yote?" Akachukua kijiti chake cha kazini kilichokuwa kando ya mkeka, akakinyoosha juu, kwenye paa lake lenye mabaka. "Hii mvua ya leo ulisikia tone ndani? Mimi nalala chini ya nani?"

Akanishika mkono, akaniwekea kidole changu kwenye kile kipele, akakishikilia hapo. Kwa mkono wake mwingine akakizungusha kibao, waya ukaenda mbele. Akakizungusha tena, ukarudi tumboni.

"Siku ile nzuri yote ilikuwa mbovu, na mbovu yote ilikuwa nzuri," akasema. "Nani peke yake hakuhama?"

Kidole changu kilikuwa palepale. Nikageuza uso ukutani ili nijifute machozi, kisha nikakumbuka kwamba haoni, nikayaacha.

"Nasikia," akasema. "Kunywa chai, inapoa."